Kabla hujamhamisha kijana wako mtaani, angalia anakosa nini

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi wa Dar es Salaam wanaoishi Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti au Keko hujiuliza swali moja: nimwache mtoto huyu hapa mtaani au nimpeleke mbali? Wenye uwezo hutafuta shule ya bweni. Wasio nao humpigia simu bibi kijijini. Sababu huwa ileile, kwamba mtaa umeharibika na mtoto ameanza kubadilika.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, makundi ya vijana yaliyopewa jina la 'panya road' yaliwafanya wakazi wa jiji hili wafunge milango mapema. Tangu hapo mzazi wa uswahilini akiona mwanawe wa miaka 14 anachelewa kurudi nyumbani na anajibu kwa mkato, mawazo yake yanakwenda mbali.

Leo tuangalie kitaalamu mtaa uliobanana unamfanya nini kijana anayekua, na kama kumhamisha ni dawa. Jibu kwa ufupi ni kwamba mtaa una nguvu kweli juu ya afya ya kijana, lakini kinachomuumiza ni vitu vinavyoweza kutajwa: kukosa usingizi, kukosa usalama na kukosa mtu mzima anayemfuatilia. Ukimhamisha bila kumpatia hivyo vitatu, tatizo linahama naye.

Ubongo bado unajengwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linamhesabu kijana balehe kuwa mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Wazazi wengi huona mabadiliko ya nje katika umri huu: sauti nzito, chunusi, matiti, hedhi, kurefuka ghafla. Kazi kubwa zaidi inafanyika ndani ya kichwa, ambako hatuoni.

Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, raha na hamu ya kujaribu huchangamka mapema katika balehe. Sehemu ya mbele, inayopima madhara, kupanga na kujizuia, huchelewa kukomaa na huendelea kujengwa hadi katikati ya miaka ya 20. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 anaweza kukueleza vizuri hatari ya kupakizwa watu watatu kwenye bodaboda, kisha jioni hiyohiyo akapanda. Anajua. Breki bado hazijakaza, na zinalegea zaidi akiwa na wenzake.

Katika umri huu ubongo huimarisha njia zinazotumika kila siku na kupunguza zisizotumika. Kwa hiyo mazingira ya kila siku ya kijana, yaani anachokisikia usiku, anachokiogopa njiani na watu anaowaona wakiheshimiwa, yanashiriki katika ujenzi huo.

Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.38. Sehemu kubwa ya ongezeko hili inaishi katika makazi yasiyopangwa, ambako nyumba moja ina wapangaji wengi, choo kimoja na ua mmoja. Tunazungumzia, basi, mazingira ambamo watoto wengi sana wa jiji hili wanabalehe.

Usingizi unaoibiwa

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi 10 kwa siku. Balehe yenyewe husogeza saa ya mwili mbele, hivyo usingizi humjia kijana kwa kuchelewa kuliko alipokuwa na miaka tisa. Huo siyo ukaidi.

Sasa iweke hali hiyo uswahilini. Familia ya watu watano au sita ina chumba kimoja, au chumba na sebule. Bati limehifadhi joto la mchana. Jirani kuna baa, upande wa pili kuna shughuli yenye muziki mpaka alfajiri, na ndani ya nyumba kuna simu inayowaka mpaka saa sita usiku. Saa 11 alfajiri kijana anatakiwa awe kituoni, maana akichelewa makondakta watamkwepa kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi. Hesabu mwenyewe amelala saa ngapi.

Kijana asiyelala vya kutosha hukasirika haraka, husahau alichofundishwa, hutamani sukari na vyakula vya kukaanga, na huamua mambo kwa pupa. Akikosa usingizi kwa miezi, uwezekano wa kupata sonona, yaani ile hali ya huzuni ya muda mrefu na kukosa hamu ya maisha, huongezeka. Mara nyingi kijana wa aina hii huletwa kwa mwalimu wa nidhamu, wakati tatizo lake la kwanza ni la kitandani.

Lipo jingine ambalo wengi tunalijua lakini hatulisemi. Mtoto wa kiume akifika miaka 12 au 13, wazazi wenye chumba kimoja huona aibu kuendelea kulala naye. Anaambiwa akalale kwa rafiki, kwenye 'geto' la vijana wakubwa, au kibarazani. Mzazi anafanya hivyo kwa heshima na kwa sababu hana nafasi. Lakini kiafya, mtoto huyo ameondolewa kwenye uangalizi wa wazazi usiku, katika umri ambao breki zake ni dhaifu, na anaongozwa na vijana wa miaka 19 au 22. Mengi tunayoyaita 'kuharibiwa na mtaa' huanzia hapo.

Hofu inayokaa mwilini

Mtu akitishwa, mwili humwaga homoni za tahadhari, mojawapo ikiwa kortisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili inaacha mambo mengine yote. Hali hiyo inaokoa maisha ikiwa ni ya dakika chache. Ikiwa ya kila siku, kijana anabaki kama mlinzi asiyepokelewa zamu. Anashtuka kwa kitu kidogo, anadhani kila anayemtazama anamtafuta ugomvi, na darasani hasikii.

Mtafiti Patrick Sharkey alichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa watoto wa jiji la Chicago, Marekani. Alilinganisha watoto waliofanya majaribio ya kusoma na msamiati siku chache baada ya mtu kuuawa karibu na kwao, na watoto wa maeneo hayohayo waliopimwa wakati mwingine. Waliopimwa karibu na tukio walipata alama za chini. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba hali hiyo ilionekana bila kujali kama mtoto aliona tukio kwa macho yake. Kuishi karibu na hofu kulitosha.

Chicago ina bunduki nyingi na historia ya ubaguzi wa rangi ambayo sisi hatuna. Hata hivyo vijana wetu nao wana hofu zao: wizi wa kuvizia uchochoroni, watuhumiwa kupigwa mbele ya watoto, ugomvi wa wapangaji, na kipigo nyumbani na shuleni. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Utafiti huo ulihusu nchi nzima, mijini na vijijini. Kwa hiyo kijiji cha bibi nacho hakitoi kinga ya moja kwa moja.

Hofu ya msichana ina sura yake. Mvulana akibalehe hufunguliwa mlango, msichana hufungiwa. Anapunguziwa kutoka, anaongezewa kazi za nyumbani na kulea wadogo. Safari chache anazobaki nazo, za shule, dukani na kuchota maji, ndizo anazokutana na kondakta anayempa lifti ya bure au dereva wa bodaboda anayemnunulia chipsi. Kumfungia kunapunguza baadhi ya hatari, lakini kunamwondolea marafiki wa rika lake, mazoezi na mazoea ya kuongea na watu. Siku akitakiwa kusema hapana, hajawahi kujifunza kusema.

Je, kuhama kunasaidia?

Swali hili limewahi kujaribiwa kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1994, serikali ya Marekani iliendesha jaribio katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia takriban 4,600 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za serikali kwenye mitaa maskini ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zilipewa vocha ya kodi kwa sharti la kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo, nyingine hazikupewa. Watafiti wakawafuatilia watoto kwa miaka mingi.

Matokeo yana mafunzo mawili kwa mzazi. La kwanza ni la umri. Wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walionyesha mwaka 2015 kwamba watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi walipofika miaka ya 20 na kitu, kwa takriban asilimia 31. Waliohama wakiwa wameshavuka umri huo hawakupata faida hiyo, na wengine walirudi nyuma kidogo.

La pili ni la afya ya akili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba wasichana waliohama walipata nafuu ya sonona. Kwa wavulana mambo yaligeuka: sonona, kiwewe na tabia za ukorofi viliongezeka kuliko kwa wavulana ambao familia zao hazikupewa vocha.

Kwa nini? Maelezo yanayotajwa na wataalamu yanahusu uhusiano. Kijana wa miaka 14 anapohamishwa, anaacha marafiki, mwalimu anayemjua, kocha, na wazee wa mtaa wanaomwita kwa jina. Anafika mahali ambapo hana nafasi na pengine anatazamwa kama mhuni. Katika umri ambao kukubalika na wenzake ni kama chakula, huo ni msiba. Na hao walihama na familia zao. Mvulana tunayempeleka bweni au kijijini kama adhabu anahama peke yake.

Bweni linaweza kuwa zuri. Kuna shule zenye walezi makini, chakula cha uhakika na muda wa kulala unaoheshimiwa. Kosa ni kulitumia kama sehemu ya kumtupia mtoto aliyetushinda, bila kuuliza nani huko atakuwa mtu wake.

Maskini kwa maskini, lakini tofauti

Utafiti mwingine unatusogeza karibu na nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walilinganisha vijana wa miaka 15 hadi 19 wanaoishi mitaa duni ya Baltimore, Johannesburg, Ibadan ya Nigeria, New Delhi na Shanghai, na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Mtu angetarajia vijana wa Marekani wawe na hali bora, maana nchi yao ni tajiri. Haikuwa hivyo. Vijana wa Baltimore na Johannesburg ndio walioiona mitaa yao vibaya zaidi. Wale wa Ibadan na New Delhi, wenye umaskini wa kutosha, waliona mazingira yao kwa matumaini zaidi.

Umaskini unaumiza, hilo halina ubishi. Lakini mitaa miwili yenye kipato kinachofanana inaweza kulea tofauti kabisa. Robert Sampson na wenzake waliwahoji watu 8,782 katika maeneo 343 ya Chicago na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Mitaa ambayo majirani waliaminiana na walikuwa tayari kuingilia kati, kwa mfano kuwauliza watoto wanaozurura saa za masomo, ilikuwa na ukatili mdogo hata baada ya kuzingatia umaskini wake.

Mtu aliyekulia uswahilini miaka ya nyuma hashangai. Ndiyo ile hali ya mama wa nyumba ya pili kukurudisha shule, halafu jioni habari ziko nyumbani kabla yako. Mtoto wa mwenzio ni wako, tulisema. Leo wapangaji wanahama kila baada ya miezi sita, kila mtu anatoka alfajiri kutafuta riziki, na anayemkanya mtoto wa jirani anaogopa kutukanwa. Msongamano umebaki, ujirani umepungua. Kijana anaishi kati ya watu wengi ambao hakuna hata mmoja anayemfuatilia. Pengo hilo linajazwa na kijiwe, kibanda cha video na mashine za kamari za sarafu, ingawa sheria inakataza mtu chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Kisichoandikwa kwenye mipango

Serikali ilikuwa na Ajenda ya Taifa ya kuwekeza katika afya na maendeleo ya vijana balehe kwa miaka 2021/22 hadi 2024/25. Nguzo zake sita zilikuwa kuzuia VVU, kuzuia mimba za utotoni, kuzuia ukatili, kuboresha lishe, kuwabakiza watoto shuleni na kuwajengea ujuzi wa kiuchumi. Zote ni muhimu. Lakini usingizi, kelele, mahali pa kuchezea na afya ya akili havikupewa nguzo. Sasa muda uliopangwa umekwisha, mpango unaofuata unapaswa kuhesabu na mtaa wenyewe.

WHO inashauri kijana apate walau saa moja ya mazoezi kila siku, na inasema vijana wanne kati ya watano duniani hawafikishi. Katika jiji ambalo viwanja vya wazi vimevamiwa na kujengwa fremu za maduka, kijana wa Tandale akacheze wapi? Akikaa kijiweni tunamlaumu, akicheza barabarani anagongwa.

Mazingira yanaweza kubadilishwa. Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi zenye ajali nyingi. Majeraha ya watoto yakapungua, na mwaka 2019 mradi huo ulipewa Tuzo ya WRI Ross ya miji. Hakuna mtoto aliyehamishwa. Kilichobadilishwa ni barabara.

Mzazi aanzie wapi?

Anza na usingizi kwa sababu uko mikononi mwako zaidi. Simu zote za nyumbani, pamoja na yako, zilale sehemu moja kuanzia saa tatu au saa nne usiku. Pazia la kugawa chumba ni bora kuliko geto. Ikilazimu mtoto alale kwingine, iwe kwa ndugu au jirani mtu mzima unayemwamini, na umwone kila usiku kabla hajalala. Kelele za kupitiliza zipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa, na zikizidi, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Wapangaji 10 wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja.

Pili, mtafutie mtu mzima wa pili. Anaweza kuwa kocha wa timu ya mtaa, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa kwaya, fundi anayeheshimika au mjomba. Kijana husema kwa mtu huyo mambo asiyoyasema kwako, na hilo lisikuudhi. Wewe nawe uwe mtu huyo kwa mtoto wa jirani. Kubalianeni wazazi wa nyumba tatu au nne kwamba yeyote kati yenu anaweza kuuliza mtoto yeyote yuko wapi, na hakuna atakayegomba.

Tatu, msichana apewe muda wa kutoka wenye usalama, akiwa na wenzake, kwenda kwenye netiboli, kikundi au maktaba ya shule. Mvulana naye apewe kazi za nyumbani. Wote wawili watafaidika.

Nne, acha kipigo. Kwa kijana ambaye mwili wake tayari uko kwenye tahadhari, fimbo inaongeza hofu na kumsukuma kwa wanaomkubali, yaani kijiweni.

Lini utafute msaada

WHO inakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba duniani ana tatizo la afya ya akili. Mpeleke kituo cha afya, ikiwezekana chenye huduma rafiki kwa vijana, ukiona dalili hizi zimedumu wiki mbili au zaidi: huzuni au hasira isiyoisha, kujitenga na marafiki, kuacha mambo aliyoyapenda, kulala kupita kiasi au kutolala, kushuka ghafla darasani, kutumia pombe au bangi, au kushtuka na kuota ndoto za kutisha baada ya tukio fulani. Akitaja kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Kama kuna ukatili, wa nyumbani au wa nje, piga simu ya mtoto namba 116, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Ofisa ustawi wa jamii wa kata naye yupo kwa kazi hiyo.

Na kama bado unafikiria kumhamisha, jiulize maswali matatu kwanza. Huko aendako atalala saa ngapi? Atakuwa salama kwa nani? Nani atamwita kwa jina na kumuuliza ameshindaje? Ukipata majibu mazuri, mpeleke, mweleze sababu na umtembelee. Usipoyapata, jaribu kwanza kuyatafuta hapohapo mlipo.